Saa Kumi na Mbili Jioni

Kwenye Stesheni Kuu ya Sydney, karibu na lango la jukwaa namba 1, kuna tundu dogo kwenye marumaru ya ukuta. Lilitobolewa na risasi usiku wa tarehe 14 Februari 1916, siku ambayo maelfu ya askari wa Australia, wengi wao wakiwa wamelewa, waliingia katikati ya jiji lao wenyewe na kulivuruga kwa saa kadhaa. Askari mmoja alipigwa risasi akafa pale stesheni, na wengine wakajeruhiwa. Miezi minne baadaye wananchi wa jimbo la New South Wales walipiga kura ya maoni, wakaamua kwamba baa zote zifungwe saa 12 jioni. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 38.

Sijawahi kufika Sydney. Ninasoma historia ya miji, shahada ya uzamili, na swali linalonisumbua ni la hapa nyumbani: kwa nini usiku wa mwisho wa mwezi, mshahara ukishatoka, mtaa ambao mchana ni wa amani hugeuka mahali pa chupa kupasuliwa na ngumi kurushwa? Na je, sheria inaweza kufanya lolote, au hiyo ni kazi ya wazazi na viongozi wa dini peke yao? New South Wales inanivutia kwa sababu moja. Ndani ya miaka 105, kati ya 1916 na 2021, jimbo hilo lilijaribu kutibu ugonjwa huu kwa kutumia saa ya ukutani, mara tatu, kwa namna tatu tofauti. Ni nadra historia kutupa jaribio la namna hiyo.

*

Tuanze na mgomo. Mwanzoni mwa 1916 Australia ilikuwa vitani. Vikosi vyake vilikuwa vimeondoka Gallipoli mwezi Desemba, na vijana wapya walikuwa wakifundishwa katika kambi ya Casula, jirani na mji wa Liverpool, kusini-magharibi mwa Sydney. Asubuhi ya tarehe 14 Februari waliambiwa kwamba saa za mafunzo zimeongezwa. Wakagoma. Wakaandamana hadi Liverpool, wakavamia hoteli zilizokuwa zikiuza pombe, wakanywa bila kulipa, kisha wakapanda treni kwenda Sydney. Huko walivunja vioo vya madirisha na kushambulia maduka, yakiwemo yaliyokuwa na majina ya Kijerumani. Jioni ilipoingia, Stesheni Kuu ikawa uwanja wa mapambano.

Tuangalie mpangilio wa matukio. Hasira haikutoka kwenye chupa, ilitoka kambini, kwenye agizo ambalo vijana waliliona la uonevu. Pombe ilikuja baadaye, ikachukua mgomo wa wafanyakazi wenye sare na kuufanya kuwa ghasia. Lakini kura iliyofuata haikuuliza lolote kuhusu saa za mafunzo ya askari. Iliuliza saa ya kufunga baa.

Kura hiyo ilikuwa na wapiganiaji wake tayari. Kwa miaka mingi vyama vya kupinga ulevi, kikiwemo cha wanawake Wakristo kilichojulikana kama Woman's Christian Temperance Union, vilikuwa vikidai baa zifungwe mapema. Si haki kuwacheka. Wanawake wengi wa wakati huo waliishi na waume walioacha mshahara baa na kurudi nyumbani na ngumi. Jimbo jirani la South Australia lilikuwa limeshapiga kura ya aina hiyo mwaka 1915. Ghasia za Sydney ziliwapa wapiganiaji hawa picha iliyohitajika, na vita vikawapa hoja: vijana wanakufa ng'ambo, nyinyi mnakunywa hadi usiku wa manane? Tarehe 10 Juni 1916 wapiga kura walipewa saa kadhaa za kuchagua, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Walio wengi wakachagua saa 12.

Kwetu tunaozungumza Kiswahili, saa 12 jioni ni pale hesabu ya mchana inapoisha. Jua linazama, Waislamu wanajiandaa kwa magharibi, watoto wanaitwa ndani. Kufunga baa saa hiyo kunasikika kama busara ya bibi. Shida ni kwamba mfanyakazi wa Sydney alitoka kazini saa 11 jioni.

*

Kilichofuata kina jina maalumu katika historia ya Australia, jina linalolinganisha baa na hori la nguruwe wakigombania makombo. Kati ya saa 11 na saa 12 wanaume walifurika kwenye kaunta, bega kwa bega, kila mmoja akijaribu kumeza ndani ya saa moja bia ambayo zamani angeinywa kwa jioni nzima. Wenye baa walijirekebisha haraka. Waliondoa meza na viti ili watu wengi zaidi wasimame. Kuta na sakafu vilitandikwa vigae ili iwe rahisi kuvimwagia maji na kusafisha matapishi. Wahudumu walijaza glasi kwa mpira wenye bomba mkononi, kama mtu anayemwagilia bustani, kwa sababu hapakuwa na muda wa kuichukua glasi ya mteja na kuirudisha. Kisha saa 12 ikagonga, milango ikafunguka, na wote wakatoka barabarani kwa wakati mmoja.

Nina binamu anayeendesha bodaboda usiku. Nilipomsimulia habari hii hakushangaa hata kidogo. "Dada," aliniambia, "mimi siogopi saa ambazo watu wanakunywa. Wakinywa wamekaa, wanaimba, wanalipa. Mimi naogopa nusu saa ile baa ikishafunga. Wote wako nje, kila mtu anataka pikipiki, hela imeisha, na mmoja kakanyaga kiatu cha mwenzake." Ana kovu juu ya jicho la kushoto, kumbukumbu ya mojawapo ya nusu saa hizo. Aliyempiga hakuwa adui yake. Walikuwa wanabishana juu ya nauli ya shilingi elfu moja.

Watafiti wa vurugu za usiku wana maneno marefu ya kueleza alichokisema, lakini hoja ni ileile. Kinachozaa vurugu ni jumla ya mambo kadhaa: kiasi cha pombe kilichokwisha kunywewa, msongamano, wageni kukutana uso kwa uso, na kukosa njia ya kuondoka. Sheria ya 1916 ilipunguza saa za kunywa, ila ikayakusanya mambo mengine yote na kuyaweka kwenye dakika zilezile, kila siku ya kazi.

Kulikuwa na gharama nyingine. Mtu aliyetaka bia saa 2 usiku hakukoma kuitaka, alibadilisha tu mahali pa kuitafuta. Biashara ya magendo ilichanua. Katika mtaa wa Surry Hills mwanamke aliyeitwa Kate Leigh alijenga himaya ya nyumba za kuuzia pombe kimyakimya, hadi akaitwa malkia wa biashara hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 magenge ya Sydney, ya Leigh na ya mpinzani wake Tilly Devine, yalikuwa yakichanana nyuso kwa nyembe. Na wembe wenyewe una historia ya kisheria: mwaka 1927 jimbo lilitunga sheria kali dhidi ya kumiliki bastola bila leseni, na wembe wa kunyolea, wa bei nafuu na halali kubeba mfukoni, ukachukua nafasi yake. Hizi zilikuwa sheria mbili zenye nia njema, moja ya pombe na moja ya silaha, na zote mbili zikapata majibu ambayo watungaji hawakuyaandika kwenye muswada.

Pamoja na hayo yote, sheria haikufutwa haraka. Mwaka 1947 wananchi waliulizwa tena, na wengi wakajibu saa 12 ibaki. Ilihitaji tume ya kifalme iliyoongozwa na Jaji Maxwell, iliyofanya kazi kuanzia 1951 hadi 1954 na kuanika uozo wa biashara ya pombe jimboni, ndipo kura ya tatu ikaitishwa. Mwezi Novemba 1954 upande wa saa 4 usiku ulishinda kwa tofauti ndogo mno. Tarehe 1 Februari 1955 saa mpya ikaanza, na mwanzoni baa zililazimika kufunga kidogo jioni ili wanaume wakale nyumbani. Biashara ya Kate Leigh ilikufa kwa sababu mteja wake sasa aliweza kunywa kihalali, jambo ambalo miaka ya misako ya polisi haikufanikiwa kulileta.

*

Hapa ingekuwa rahisi kufunga kitabu na kusema kwamba sheria za kufunga baa hazifai, wacheni watu wanywe. Miongo iliyofuata ilielekea huko. Saa zikaongezwa hatua kwa hatua, na kufikia mwanzo wa karne hii zilikuwepo baa zilizofanya kazi mpaka alfajiri, nyingine saa 24. Mji wa Newcastle, kaskazini mwa Sydney, ulikuwa mmojawapo wa miji ya namna hiyo. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi kitovu chake kilijulikana kwa damu.

Mwaka 2008, baada ya malalamiko ya polisi na wakazi, mamlaka ya leseni iliziwekea baa 14 za katikati ya Newcastle masharti mapya. Mwisho wa kufunga ukawa saa 9 na nusu usiku. Kuanzia saa 7 na nusu hakuna mteja mpya aliyeruhusiwa kuingia, ingawa waliokuwa ndani waliweza kuendelea. Kulikuwa na masharti mengine pia kuhusu aina ya vinywaji na uwajibikaji wa wahudumu. Kwa macho ya 1916 hiyo si sheria kabisa. Nani anahitaji bia saa 9 na nusu usiku?

Lakini matokeo yalionekana. Watafiti wakiongozwa na Kypros Kypri wa Chuo Kikuu cha Newcastle walilinganisha eneo hilo na Hamilton, kitongoji jirani chenye baa ambazo hazikuguswa na masharti. Mashambulio ya usiku yalipungua kwa asilimia 37 ukilinganisha na Hamilton, na hawakuona ushahidi kwamba vurugu zilihamia huko. Miaka mitano baadaye upungufu ulikuwa bado upo. Hamilton yenyewe ilikuja kuwekewa sharti la kufunga mlango kwa wageni bila kupunguziwa saa za kuuza, na sharti hilo peke yake halikupunguza mashambulio. Kilichosaidia kilikuwa ile saa ya mwisho ya kuuza pombe, wakati mlango wa baunsa peke yake haukufua dafu. Watafiti wa Norway waliofuatilia miji 18 walikuta jambo linalofanana: kila saa moja ya kuuza pombe ikiongezwa, mashambulio yaliongezeka kwa takriban asilimia 16.

Kwa hiyo tuna sheria mbili zinazotumia chombo kimoja, saa ya kufunga, na matokeo yake yako mbali kabisa. Nadhani tofauti ni hii. Sheria ya 1916 ililenga jioni ya watu wote, na kila mnywaji akaanza kukimbizana nayo. Ile ya 2008 ilikata mkia wa usiku, zile saa mbili tatu ambazo waliobaki ni wachache, wamekunywa kwa muda mrefu, na usafiri umekwisha. Mtu aliyetoka kazini jioni hakulazimika kukimbizana na saa, na mnywa bia wa kawaida huenda hata hakujua kwamba kuna sheria mpya.

*

Jaribio la tatu lilikuja kwa machozi. Katika eneo la Kings Cross, Sydney, vijana wawili wa miaka 18, mmoja mwezi Julai 2012 na mwingine usiku wa mkesha wa mwaka mpya wa 2014, walipigwa ngumi moja moja na watu wasiowafahamu, wakaanguka, na hatimaye wakafariki. Taifa zima liliomboleza. Hata jina la ngumi ya namna hiyo lilibadilishwa kwenye magazeti, lile la zamani lenye neno "mfalme" likaachwa, ikaitwa ngumi ya mwoga. Mwishoni mwa Januari 2014 serikali ya jimbo chini ya Barry O'Farrell ilipitisha sheria kwa haraka. Kuanzia tarehe 24 Februari, katikati ya Sydney na Kings Cross, hakuna kuingia baa baada ya saa 7 na nusu usiku, na hakuna kinywaji baada ya saa 9. Maduka ya pombe jimboni yalitakiwa kufunga saa 4 usiku. Na mtu atakayeua kwa ngumi akiwa amelewa atafungwa si chini ya miaka 8.

Kuna jambo ambalo wapinzani wa sheria hii walilisema mapema, na ni kweli: vijana wote wawili walipigwa kabla ya usiku wa manane. Saa 7 na nusu isingemwokoa hata mmoja wao. Sheria ilitungwa kwa majina yao, lakini tatizo lililolengwa lilikuwa la jirani.

Hata hivyo, ofisi ya takwimu za uhalifu ya jimbo ilipopima, mashambulio yalikuwa yamepungua kwa asilimia 32 Kings Cross na asilimia 26 katikati ya jiji. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuongezeka kwa vurugu katika baadhi ya maeneo ya pembeni, ingawa kwa jumla upungufu ulikuwa mkubwa kuliko ongezeko. Yaani sheria ilifanya kazi, na bado ikashindwa. Kumbi za muziki zilifungwa, wafanyakazi wa usiku wakapoteza ajira, na mwaka 2016 maelfu ya watu waliandamana. Jambo moja liliwakera kuliko yote: kasino kubwa ya jiji iliachwa nje ya mpaka wa sheria. Baa ndogo yenye gitaa na viti ishirini ilifunga, na kasino ikaendelea kumimina. Wananchi huvumilia sheria kali inayomgusa kila mtu, ila wakiona inamjua mwenye pesa kwa jina, heshima yake huisha. Januari 2020 masharti yaliondolewa katikati ya jiji, na Machi 2021 yakaondolewa Kings Cross.

*

Tuna ndugu wa sheria hizi hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2010 Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ambayo wananchi waliiita kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipigania, John Mututho. Baa ziliruhusiwa kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana siku za wikendi na sikukuu. Sheria hiyohiyo ilihalalisha chang'aa kwa masharti, baada ya marufuku ya miaka mingi ambayo ilikuwa imeiacha mikononi mwa wapishi wa vichochoroni. Tanzania nayo ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki iliyouzwa kwa bei ya mfukoni mwa mwanafunzi.

Ukiziweka hizi kando ya zile za Sydney, unaona kwamba sheria za pombe ziko za aina mbili. Ziko zinazozungumza na mlevi: ukipiga utafungwa miaka 8, ukionekana barabarani utakamatwa. Na ziko zinazozungumza na muuzaji: funga saa fulani, usiuze kifuko cha bei ya chini, usimhudumie aliyekwisha lewa, la sivyo leseni yako inaondoka. Aina ya kwanza inapendeza kwenye mkutano wa hadhara, lakini inamtegemea mtu afanye hesabu ya miaka ya jela wakati uwezo wa kuhesabu ndio uliomtoka. Muuzaji yuko timamu. Ana daftari, ana mtaji, anahesabu kila usiku. Sheria inayozungumza naye inazungumza na mtu anayesikia.

Kwetu ugumu ni msimamizi. Sheria ya saa inayosimamiwa na askari anayepita kuchukua chochote kwa mwenye baa haifungi baa, inaongeza bei ya bia kidogo tu. Mlango wa mbele unashushwa, muziki unapunguzwa, wa ndani wanabaki ndani. Hiyo ni kasino ya Sydney kwa kipimo cha mtaa: aliye na cha kutoa yuko nje ya mpaka.

Na tuna pengo la kujua. Huko Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji Jonathan Shepherd aligundua kwamba majeruhi wengi aliowashona hawakuwemo kwenye vitabu vya polisi. Hospitali ikaanza kuwauliza kila mara: umepigwa wapi, saa ngapi, kwa kitu gani? Majibu, bila majina, yakapelekwa kwa polisi na halmashauri, na vurugu zikapungua kwa sababu sasa ilijulikana ni kona gani na baa ipi. Tanzania njia ni kinyume. Aliyepigwa huanzia polisi, anapewa fomu namba 3, maarufu PF3, ndipo aende hospitali. Fomu ile ni ushahidi wa kesi yake yeye mmoja. Kesi ikifa, na nyingi hufa kwa wahusika kupatanishwa nyumbani, fomu nayo inakwenda na kesi.

Binamu yangu alipata PF3 yake usiku ule. Kesi haikufika popote, na hakuna aliyemuuliza baa ilifunga saa ngapi. Kabla hatujabishana bungeni kama saa ya mwisho iwe 5 au 8 usiku, kuna kazi ya bei rahisi ambayo karani mmoja wa halmashauri anaweza kuianza Jumatatu: kuzichukua fomu za mwaka mmoja wa mji mmoja, kufuta majina, na kuhesabu saa.